Usukani wa Mshua Sio Lazima Uwe Wako

Leo tuongelee ile familia ya Marekani ya mbio za magari, majina naweka pembeni, wanaojua wanajua. Wanakimbia Bowman Gray, uwanja wa Winston-Salem kule North Carolina. Katikati ni uwanja wa mpira wa Kimarekani, pembeni wamezungushia lami, raundi moja ni kama mita 400 tu. NASCAR wapo pale tangu 1949. Wengi wanaoshindana sio mastaa. Katikati ya wiki mtu yuko kazini kwake, usiku yuko gereji ananyoosha bodi, Jumamosi anaenda kuligonga tena.

Sasa stori yenyewe. Walikuwa ndugu wawili. Mmoja alifariki kwenye ajali Darlington mwaka 1957. Mwaka uliofuata mwenzake akapata shambulio la moyo akiwa mbioni, palepale Bowman Gray, naye akaondoka. Ungekuwa wewe si ungeuza mpaka spana? Wao hawakuacha. Mtoto akakimbia, wajukuu wakakimbia, na sasa kitukuu naye yupo kwenye usukani.

Kuna wanaosema wazazi wa hivi hawana huruma. Wengine wanasema ni damu, huwezi kuikwepa. Mimi wote siwaelewi. Damu haijui kubadilisha gia. Mtoto anapenda magari kwa sababu kila jioni mshua yuko chini ya gari, na ukitaka kupiga naye stori inabidi ushike tochi ummulikie. Sisi wenyewe wangapi ni Yanga kwa sababu tu nyumbani ni Yanga? Nani alituuliza?

Ila Yanga ikifungwa unanuna, unalala. Huu mchezo unakula hela na unaua. Kwa hiyo dogo lazima aweze kusema hapana bila kununiwa. Maana kuna wazee (sisemi hao) hawalazimishi kwa mdomo. Anakununulia gari ukiwa bado mdogo, anabandika namba ya marehemu babu mlangoni, halafu anakwambia uamuzi ni wako. Uamuzi gani hapo?

Ndiyo maana ninayemkubali kuliko wote kwenye ule ukoo ni mtoto wa yule aliyefia Darlington. Yeye hakupata jina kwa usukani. Alikuwa mjaza mafuta kwenye timu ya Dale Earnhardt: gari linaingia, yeye na dumu lake, sekunde chache, limeondoka. Na kujaza petroli kwenye gari lililochemka sio kazi ya waoga, tusidanganyane. Alibaki kwenye mchezo uliomchukua baba yake, lakini kwa namna yake.

Mzee wangu mwenye gari la mbio uani, mwache dogo aanze na spana, apake rangi, ahesabu raundi jukwaani na mama yake. Akitaka kuishia hapo, Jumamosi bado mko pamoja.

Halafu huyo mama mbona hatumuulizi? Kila mtu anahesabu vizazi vya madereva. Vizazi vya wanawake waliokaa jukwaani wakisubiri gari lichomoze kona ya nne, hakuna anayevihesabu.

Wewe dogo wako akiomba funguo, unampa?