Mtahiniwa na Uchovu: Mashauri kwa Wazazi na Wanafunzi

Mwezi wa Oktoba ukifika, taa za madarasa katika shule za kando ya ziwa, tangu Kisumu mjini hata Maseno, Bondo na Nyakach, huwaka mpaka usiku sana. Watahiniwa wa Kidato cha Nne hujitayarisha kwa mtihani wa KCSE, ambao umefanywa nchini Kenya tangu mwaka 1989. Kila mmoja hana budi kufanya masomo yasiyopungua saba, na alama atakazopata ndizo zitakazoamua kama ataingia chuo kikuu, au chuo cha ufundi, au atatafuta njia nyingine. Katika nyumba nyingi ng'ombe ameuzwa kwa ajili ya karo. Basi si ajabu kijana kuona ya kwamba kulala ni dhambi. Lakini hapo ndipo kosa linapoanza.

Mkulima wa uwanda wa Kano huwafunga maksai nira alfajiri, na jua likipanda huwafungua wapate maji na majani. Hafanyi hivyo kwa uvivu. Ajua ya kwamba maksai waliolimishwa mchana kutwa hawatasimama kesho yake, na shamba litabaki nusu. Akili ya mwanadamu nayo ina nguvu zenye kadiri, na asiyeiangalia kadiri hiyo hulima leo akakosa kulima kesho.

Wako wanafunzi watiao miguu katika beseni la maji baridi ili usingizi uwakimbie, na wengine hunywa kahawa kali hata usiku wa manane. Kurasa nyingi hupinduliwa, lakini asubuhi wakiulizwa walichosoma hawana la kujibu. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walishauri ya kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila siku. Sababu yake si kuupumzisha mwili tu, kwani wakati mtu amelala ubongo huyapanga na kuyaimarisha yale aliyojifunza. Mwenye kuunyima ubongo usingizi ni kama mvuvi avuaye omena usiku kucha, kisha kukicha asiianike. Kazi ameifanya, lakini chakula hakipo. Kwa hiyo apendaye kuamka saa 10 alfajiri kusoma, na awe amelala saa 2 za usiku.

Jambo la pili ni namna ya kusoma. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kumbukumbu, baada ya kujipima mwenyewe kwa muda mrefu. Aliona ya kwamba sehemu kubwa ya mambo husahauliwa upesi baada ya kujifunzwa, na ya kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio mengi ya siku moja. Wahenga walikwisha kusema: chururu si ndo! ndo! ndo! Matone yanayofuatana hujaza mtungi, na maji yanayomwagika kwa nguvu hupotea njiani. Yafaa mtahiniwa agawe siku yake: dakika arobaini za hesabu, mapumziko kidogo, kisha historia au biolojia, na somo lile lile alirudie baada ya siku mbili au tatu.

Tena, kusoma ukurasa ule ule mara nyingi hudanganya. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha ya kwamba waliofunga kitabu na kujijaribu kuandika walichokumbuka walishika zaidi baada ya juma moja kuliko waliosoma tena na tena. Baada ya dakika tano tu, waliorudia kusoma ndio walioonekana hodari. Basi mwanafunzi asiuamini urahisi wa saa ile. Na afunge kitabu, achukue karatasi, ajiulize.

Wengine hudhani ya kwamba mchezo ni adui wa masomo. Edward Carey Francis, aliyekuwa mkuu wa Shule ya Maseno tangu mwaka 1928 hata 1940, alikuwa mtaalamu wa hesabu kutoka Cambridge, naye alijulikana kwa ukali wa kazi. Hata hivyo mpira ulikuwa na mahali pake katika malezi yake. Nusu saa ya kutembea au kucheza jioni, jua la Kisumu likipunguza ukali, huondoa uzito wa kichwa.

Wazazi nao wasiuhesabu kila uchovu kuwa uvivu wala wasiwasi. Pwani ya ziwa ina malaria nyingi, na kichocho huwapata waogao na kuteka maji ziwani. Magonjwa haya hupunguza damu na nguvu, na mtoto husinzia juu ya kitabu bila kujua sababu. Kijana mwenye homa au unyonge usiokwisha apelekwe zahanati akapimwe, na kila usiku alale ndani ya chandarua.

Lililo zito kuliko yote ni hofu. Hofu kidogo huamsha akili; ikizidi, moyo hupiga mbio, tumbo huuma, na jibu lililojulikana jana hutoroka. Mara nyingi hofu hiyo hutoka nyumbani. Baba asemaye, "Usipofaulu usirudi hapa," adhani anatia bidii, kumbe anamtwisha mtoto mzigo asioweza kuuingiza katika chumba cha mtihani. Kijana anayejitenga, asiyekula, au asemaye ya kwamba hana haja ya kuishi, asikemewe. Asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mwalimu mshauri na kwa daktari siku hiyo hiyo.

Watahiniwa wa mwaka 2020 waweza kuwa mfano. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya Korona. Maji ya ziwa yakapanda mno, na jamaa nyingi za pwani zikahama nyumba zao. Mtihani wao ulifanywa mwezi wa Machi na Aprili 2021, nao wakaketi wakaandika.

Usiku wa kuamkia mtihani, basi, kazi ya mzazi ni nyepesi: chakula cha mapema, kalamu mbili tayari, chandarua kimeshushwa, na neno moja la upole. Mtahiniwa naye, akipewa karatasi, avute pumzi polepole, asome maswali yote, kisha aanze na lile alijualo.