Anayetandika Kitanda cha Hoteli ni Mwenzetu



Limeulizwa swali katika mikutano ya matawi, na swali hilo ni la haki. Wanachama wanauliza: kwa nini wajumbe wa wafanyakazi, wakienda mikutanoni nchi za nje, walazwe katika hoteli za matajiri hali mchuma chai analala katika kambi ya mabati? Maneno yalizidi baada ya ujumbe wetu kurudi kutoka Doha, mji mkuu wa Qatar, ambako tulilala siku nne katika hoteli ya nyota tano. Tunajibu hapa mbele ya wote, maana ada ni yenu na wajumbe ni wenu.

Kuhusu fedha jibu ni fupi. Vyumba vililipiwa na walioitisha mkutano. Mfuko wa chama haukutoa hata senti. Lakini jibu hilo halitoshi, wala hatutaki kujificha nyuma yake. Lililo kubwa ni kujua nani alikitandika kitanda kile, analipwa nini, na alifikaje pale. Mjumbe wa wafanyakazi anayelala katika hoteli ya namna hiyo akarudi nyumbani bila kujua mambo hayo matatu, huyo kweli amekula bure.

MJI WA JANGWANI

Qatar ni rasi ya jangwa inayoingia katika Ghuba. Haina mto hata mmoja. Maji ya mabombani yanatoka baharini, yakiondolewa chumvi kwa mitambo mikubwa. Wazee wa nchi ile waliishi kwa kuzamia lulu, hata biashara hiyo ikaanguka katika miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Japani zilipojaa sokoni. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1949, uhuru ukapatikana mwaka 1971, na tangu miaka ya 1990 gesi inayosafirishwa kwa meli ndiyo imeleta utajiri mkubwa. Mwaka 1982 ilifunguliwa ufukweni hoteli ya Sheraton, yenye umbo la piramidi. Leo ng'ambo yake imejaa minara ya vioo, na hoteli nyingine nyingi ziliongezwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2022.

Mambo hayo hayakuota mchangani kama uyoga. Katika kila wakazi kumi wa nchi ile, karibu tisa ni wageni: Wahindi, Wanepali, Wabangladeshi, Wafilipino, Wamisri, na sasa Waafrika wengi wa kwetu. Wakati wa kiangazi joto hupita digrii 40, lakini vyumbani mgeni hujifunika blanketi kwa baridi ya mitambo. Nyasi za bustani ni za kijani kwa sababu yuko mtu anayezimwagilia kabla jua halijachomoza.

HOTELI INA PANDE MBILI

Mgeni huona upande mmoja: marumaru, maua, taa, na mtu wa kumfungulia mlango. Upande wa pili uko nyuma ya milango isiyo na namba. Huko pana ujia wa sementi, lifti ya mizigo, chumba cha kufulia chenye mvuke na kelele, na mashine ya kuandika saa ya kuingia na kutoka. Ndugu zetu wa viwanda vya nguo wangeingia huko wasingepotea. Pana zamu, pana msimamizi, na pana kipande.

Binti aliyetandika vyumba vyetu anatoka upande wa Mbale. Alitusikia tukizungumza Kiswahili, akasimamisha toroli lake akasema, "Karibuni, wazee wangu. Mmetoka nyumbani?" Kipande chake ni vyumba 16 kwa siku, siku sita kwa juma. Kila chumba ni kubadili mashuka, kusugua bafu, kufuta vioo, kupanga taulo na kufagia zulia kwa mashine. Mgeni akichelewa kutoka, chumba chake kinangoja, lakini hesabu haipungui. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo anaelewa hesabu hii bila kufundishwa.

Binti huyo hakuajiriwa na hoteli. Sare yake ina nembo ya hoteli, lakini mkataba wake ni wa kampuni inayokodisha watu. Ndivyo ilivyo pia kwa mlinzi wa lango, kijana wa Kakamega, Kenya. Akilalamika kwa meneja wa hoteli, anaambiwa aende kwa kampuni yake. Akienda kwa kampuni, anaambiwa hoteli ndiyo iliyopanga. Hila hii mnaijua. Ni ile ile ya kontrakta wa kukata miwa, ambaye siku ya malipo haonekani, na shamba nalo linasema halimjui mkataji.

Sasa tupige hesabu. Bei ya chumba chetu ilikuwa riyali 900 kwa usiku mmoja. Siku nne ni riyali 3,600. Mshahara wa binti yule ni riyali 1,000 kwa mwezi, yaani kama dola 275. Siku zetu nne za kulala zilikuwa zaidi ya miezi mitatu ya jasho lake. Tulimwachia bakshishi, naye alishukuru. Lakini tusidanganyane, ndugu: bakshishi si mshahara. Mkataba namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1991 kwa ajili ya wafanyakazi wa hoteli na mikahawa, unasema mfanyakazi lazima apate malipo ya msingi kwa vipindi maalumu, bakshishi iwepo isiwepo.

SHERIA NA CHAMA

Haki ni kusema ukweli wote. Sheria za Qatar si zile za miaka kumi na tano iliyopita. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilifungua ofisi Doha, na mwaka huo huo wafanyakazi wengi waliondolewa sharti la kupata kibali cha tajiri ili watoke nchini. Mwaka 2020 liliondolewa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri wa kwanza ili kuhamia kwa mwingine. Tangu Machi 2021 kuna kima cha chini cha mshahara kwa wote, bila kubagua taifa: riyali 1,000, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri hatoi vitu hivyo. Tangu mwaka 2021 pia, kazi za juani zinakatazwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba.

Mabadiliko hayo hayakushuka kama mvua. Vyama vya wafanyakazi vya dunia vilipiga kelele miaka mingi, na macho ya Kombe la Dunia yakasaidia. Lakini jambo moja halijaguswa: mfanyakazi mgeni haruhusiwi kuunda chama wala kujiunga na chama. Kilichoruhusiwa ni kamati za pamoja, zenye wawakilishi wa wafanyakazi na wa mwajiri, katika kampuni zenye watu 30 au zaidi. Kamati ni afadhali kuliko kukaa kimya. Hata hivyo kamati inayokaa meza moja na mwajiri bila chama nyuma yake ni kama jembe bila mpini. Sheria nzuri isiyo na chama cha kuilinda hubaki karatasini, na kima cha chini kikawa ndicho kima cha juu. Binti yule analipwa riyali 1,000 kamili, wala haijapata kuzidi.

KAZI INAYONUNULIWA

Lililotuuma zaidi ni namna alivyofika pale. Ili apate kazi, alimlipa wakala shilingi milioni tano za Uganda. Baba yake aliuza ng'ombe wawili na kukopa iliyobaki kwa riba. Ni mshahara wa kama miezi mitano, hata asiponunua sabuni. Ndiyo maana hawezi kukataa kipande, wala kubadili kazi ingawa sheria inamruhusu. Deni ndilo msimamizi wake wa kwanza.

Mkataba namba 172 tuliokwisha kuutaja unakataza pia kuuza na kununua ajira katika hoteli na mikahawa. Sheria ya kazi ya Qatar yenyewe inakataza wakala kumtoza mfanyakazi. Basi fedha hizi hutozwa kabla ya ndege kuruka, na anayezitoza ni mtu wa kwetu, katika miji yetu, kwa lugha zetu.

Mjini Doha kuna nyumba ya makumbusho iitwayo Bin Jelmood, iliyofunguliwa mwaka 2015. Inaeleza habari za utumwa katika Bahari ya Hindi, na inakubali wazi kwamba watu wa Afrika Mashariki walipelekwa Ghuba, na baadhi yao wakazamishwa kutafuta lulu. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952. Hatusemi kwamba binti wa Mbale ni mtumwa. Yeye alikwenda kwa hiari yake, ana mkataba na anatuma fedha nyumbani. Lakini tulipotoka katika nyumba ile, hakuna katika sisi aliyekuwa na maneno mengi. Watu waliopita njia ile zamani hawakuwa na chama. Wanaoipita leo wanacho nyumbani, ila chama hakijawafuata.

KWA NINI WANAONDOKA

Wako wanaosema: waacheni vijana waende, wanajenga nyumba na kulipa ada za shule. Ni kweli, na hatumzuii mtu. Wengine wanasema mambo ya Ghuba hayamhusu mchuma chai. Hapo hatukubali. Kima cha chini cha mshahara kinachojulikana kisheria Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Kampuni ya Ghuba inayajua haya. Inajua kwamba riyali 1,000 zitaonekana utajiri machoni pa mtu aliyetoka shambani kwetu. Ujira duni wa nyumbani ndio unaoshusha bei ya mikono yetu Doha. Na mwajiri wa nyumbani naye, akidaiwa nyongeza, huonyesha lango na kusema asiyetaka aende Uarabuni. Kamba ni moja, imetufunga ncha zote mbili.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwa hiyo tunayaweka mbele ya matawi mapendekezo manne, yajadiliwe kabla ya mkutano mkuu.

Kwanza, mwanachama anayekwenda nje asifutwe. Kadi yake ibaki hai, ada isimame mpaka arudi au aanze kulipa, na nakala ya mkataba wake iwekwe kwa katibu wa tawi kabla ya kusafiri.

Pili, kila tawi liandike majina ya mawakala wanaotoza watu, na kiasi wanachotoza, ili chama kiyapeleke kwa wenye kutoa leseni. Mzazi asiuze ng'ombe kabla ya kuuliza tawi.

Tatu, mjumbe yeyote atakayelazwa hotelini, iwe Doha, Nairobi au Geneva, alete taarifa ya wafanyakazi wa hoteli ile: mishahara, zamu, kipande na mwajiri halisi. Asiyeileta asitumwe tena. Wenzetu wa chama cha hoteli wapewe taarifa hizo.

Nne, madai ya kima cha chini cha mshahara nyumbani yasilale. Hilo ndilo litakalompa kijana uwezo wa kusema hapana kwa mkataba mbaya.

Sasa twarudi kwenye swali lenu. Mkiamua wajumbe wasilale tena katika hoteli za matajiri, tutatii, tutatafuta nyumba za wageni za kawaida. Lakini vitanda vile vitaendelea kutandikwa kila asubuhi, vyumba 16 kwa kila mtu, na wanaovitandika ni watoto wa mashamba yetu. Tawi lenye binti au kijana huko Ghuba lituletee idadi yao na kazi wanazofanya. Tuanze hapo.

Umoja ni nguvu, nyumbani na ugenini.