Kipimo cha leza hakitambui mtu

Mwindaji anayechagua kipimo cha umbali cha leza huangalia namba ya boksi: mita 1000. Anadanganyika. Namba hiyo ni ya kitu kinachorudisha mwanga vizuri, si ngozi ya mnyama. Na katika misitu ya Kivu ukungu na majani hurudisha mwanga mapema.

Ubaya zaidi ni huu: kifaa kitasema mita 300, lakini hakitasema kama kinachotikisa majani ni mnyama ao mama aliyekimbia vita, anayetafuta kuni. Virunga, hifadhi tangu 1925, uwindaji ni marufuku. Kuni bado zinatafutwa humo. Asiyetambua anachokilenga asipige risasi, hata namba ikiwa sahihi. Mita si macho.