Tiba mtandao isiwe kisingizio cha kutoajiri

Makamanda, siku hizi wimbo wa afya ni mmoja: tiba mtandao. Eti bingwa atakaa Dar, mgonjwa atakaa kijijini, wataonana kwenye skrini, mambo yameisha.

Sipingi teknolojia. Eksirei ikipigwa wilayani ikasomwa na bingwa Muhimbili, mgonjwa kaokoa nauli. Nani hataki? Ninachopinga ni kiini macho.

Mwaka jana dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Miguu ikavimba, kichwa kinamgonga. Nikampigia rafiki yangu daktari kwa video, kwa bando langu mwenyewe. Akauliza mambo mawili tu: presha ni ngapi, na je, mkojo una protini?

Zahanati yetu ni mpya, bati linang'aa. Mashine ya presha mbovu. Vipimo vya mkojo vimeisha. Nesi ni mmoja, na muda huo alikuwa anazalisha mama mwingine. Daktari tulikuwa naye kwenye simu, lakini bila majibu hayo mawili angefanya nini? Tukampakia dada kwenye bodaboda hadi hospitali ya wilaya. Alipona. Tulibahatisha tu.

Na huyo daktari wa kwenye simu? Kamaliza chuo, kamaliza utarajali, ajira hana. Alipokea simu yangu akiwa dukani kwa shemeji yake, anauza vocha. Halafu mtu anatuambia shida ya nchi hii ni uhaba wa madaktari!

Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mpaka leo tunaisikia tu. Mwaka 2021 tukakatwa tozo kwenye miamala ya simu, tukaambiwa ni ya vituo vya afya. Kuta tumeziona. Watumishi je? Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Bima ya kutibiwa na nani, kwa kipimo gani?

Vijana, wakija kwenye mikutano na tableti zao, tusiwazomee. Tuwaulize: presha inapimwa na nani? Waajirini walioko mtaani, jazeni vipimo zahanati, pelekeni umeme na mtandao wa uhakika. Hapo ndipo skrini itatibu.

Kinyume chake, mnatupigia video tukifa.

Nguvu ya umma!