Miaka Thelathini Ndani ya Boloko ya Katanga

Ndugu wafanya kazi, ndugu wenyeji wa Kalemie,

Wako watu wanaosema: Simon Kimbangu ni habari ya watu wa Bas-Congo, sisi wa Tanganyika inatuhusu nini? Neno hilo si la haki. Nkamba, kijiji chake, ni mbali nasi sana. Lakini boloko alimofungwa ilikuwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mji ambao baba zetu walikwenda kutafuta kazi ya shaba. Alifungwa kule miaka thelathini, na kule akafa.

Tukumbuke kosa lake. Mwezi wa Aprili 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Aliwaambia watu waache dawa za uchawi, waache kuoa wake wengi, wamwabudu Mungu mmoja. Hakugawa bunduki wala mkuki. Lakini watu waliacha kazi za Wazungu, wakaenda Nkamba makundi kwa makundi. Hapo ndipo Bula Matari aliposhtuka. Mtu mweusi kukusanya weusi wenzake bila ruhusa, na kuwafundisha bila kutumwa na misioni: hilo ndilo lililokuwa kosa.

Mwezi wa Septemba alijitoa mwenyewe mikononi mwa serikali. Hakupelekwa mbele ya jaji wa raia. Alipelekwa Thysville mbele ya korti ya askari, chini ya Komanda de Rossi, bila avoka wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 korti ikaamua apigwe fimbo 120, kisha auawe. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadili kifo kuwa kifungo cha maisha. Ni Albert yule yule ambaye mji wetu uliitwa kwa jina lake, Albertville, na jina hilo tulilibeba hata baada ya uhuru.

Ninyi watu wa mashimo, fikirini neno hili. Mwezi wa Desemba 1941 wafanya kazi wa Union Minière waliacha kazi wakidai mshahara. Askari waliwapiga risasi pale pale Elisabethville, wakafa watu wengi. Kimbangu alikuwa amefungwa katika mji ule ule. Yeye alisema juu ya Mungu, wao walisema juu ya mshahara. Serikali ilikuwa moja, na masikio yake yalizibwa kwa wote.

Tarehe 12 Oktoba 1951 alikufa, angali mfungwa. Hata kifo chake hakikuachwa. Wako Wakatoliki waliosema kwamba mwishoni aliingia dini yao. Wafuasi wake wakakataa, na wanakataa hata leo. Aliyezibwa mdomo akiwa hai, wengine walimsemea alipokwisha kufa.

Lakini neno lake halikufungwa. Mkewe, Marie Muilu, aliwaongoza waamini kwa siri miaka ile yote. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ikalikubali kanisa lao. Mwaka wa 1960 mifupa yake ilirudishwa Nkamba. Mwaka wa 2011 korti kuu ya kijeshi ya Kinshasa ikafuta hukumu ya Thysville. Na tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa.

Sikukuu ni nzuri. Mtu anapumzika, anakunywa na rafiki zake. Lakini tusimheshimu mfungwa huku tukiacha mlango wa boloko wazi nyuma yetu. Mwaka wa 2021, miaka mia kamili baada ya Thysville, serikali yetu wenyewe iliweka utawala wa askari katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na korti za kijeshi zikapewa kuhukumu raia. Tunasikia wakisema: wakati wa vita korti ya askari ni ya haraka. Kweli, hata ile ya 1921 ilikuwa ya haraka. Kuisahihisha kulichukua miaka tisini, na aliyehukumiwa hakuwapo kusikia.

Kwa hiyo tunasema waziwazi: raia ahukumiwe na jaji wa raia, na awe na avoka wa kumtetea. Asiyeshika silaha asifungwe kwa ajili ya neno lake, awe mhubiri, awe mwalimu, awe mfanya kazi anayedai mshahara. Na usiulize kwanza mtu huyo ni wa kabila gani au wa kanisa gani. Waliomfunga Kimbangu walimpeleka mbali na kwao, wakitumaini kwamba huku Katanga hatakuwa na ndugu. Tuwaonyeshe kwamba walikosea.