Nani Kalipia Pilau?

Kati ya mwaka 2000 na 2006, sheria ya Tanzania ilimruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura wake. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yalisema kuwa kinachotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kimila, hakihesabiwi kuwa rushwa. Ndiyo takrima. Fulana, khanga, pilau na soda vikapata uhalali. Mashirika ya kiraia LHRC, LEAT na NOLA yakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji watatu wakavifuta vifungu hivyo. Hoja kubwa ilikuwa usawa: mwenye nacho atakirimu, asiye nacho atabaki kutoa salamu tu, na sheria haiwezi kuwapanga wagombea kwa uzito wa mifuko yao.

Hukumu ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo mjadala wetu umebaki palepale kwenye sinia. Ikitajwa fedha katika siasa, macho yanamwendea bibi aliyepokea doti ya khanga. Bibi huyo akiingia kituoni yuko peke yake na kalamu; anaweza kuvaa khanga ya huyu akampigia yule, na wako wengi waliofanya hivyo bila kuona haya. Tajiri mwenye akili hahangaiki naye. Anahangaika na majina yatakayochapwa kwenye karatasi ya kura kabla bibi hajatoka nyumbani.

Kwenye majimbo ambayo CCM ina nguvu, mbunge hupatikana kwenye kura za maoni, na mwaka 2020 kura hizo zilipigwa na wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Kuwafikia wajumbe mia kadhaa, nyumba kwa nyumba, ni kazi ya wapambe wachache na gari moja. Kuwafikia wapiga kura makumi ya maelfu ni kazi nyingine kabisa. Mwaka ule nchi nzima ilicheka kwa msemo mmoja, “wajumbe si watu”, uliotokana na watia nia walioahidiwa kura wakaambulia chache. Tulicheka sana. Wachache waliuliza ahadi zile zilipatikanaje, na kwa nini aliyezikosa ajione amedhulumiwa. Ni kweli vikao vya juu vya chama vina uwezo wa kumkata aliyeongoza. Lakini kadiri uamuzi unavyopanda ngazi ndivyo waamuzi wanavyopungua, na mwenye fedha ana watu wachache zaidi wa kuwatafuta.

Tuliwahi kulishika jambo hili kwa upande mwingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikushughulika na alichotoa kiongozi. Lilishughulika na alichonacho. Asiwe na hisa katika kampuni, asipangishe nyumba, asipokee mishahara miwili. Miaka miwili kabla yake, wagombea wawili wa TANU katika jimbo walipewa alama, jembe na nyumba, wakanadiwa na chama kwenye majukwaa yaleyale. Utajiri haukuwa na pa kushika, na Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alipoteza ubunge. Siutamani mfumo ule: chama kilikuwa kimoja, na mchujo wa mwisho ulikuwa mikononi mwa wakubwa wake. Ila unapovunja miiko ya Azimio la Arusha huko Zanzibar mwaka 1991, kisha mwaka unaofuata ukaruhusu vyama vingi, umefungua ushindani na kufungulia fedha kwa wakati mmoja. Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere aliwahoji hadharani wanaoisaka Ikulu kwa fedha: wamezipata wapi, na kama wamekopeshwa, watazilipaje?

Swali hilo la pili ndilo zito, na halijibiki bila kwanza kujua fedha zilitoka kwa nani. Mwaka wa fedha 2005/06 shilingi bilioni 133 zilichotwa kwenye akaunti ya malimbikizo ya madeni ya nje (EPA) ya Benki Kuu, na gavana akaondolewa Januari 2008. Kwa kuwa 2005 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, wapinzani walidai sehemu ya fedha hizo iliingia kwenye kampeni. Mahakama haikuwahi kuthibitisha dai hilo. Ninachokitazama ni kwamba raia hakuwa na pa kwenda kulipima, kwa sababu hapakuwa na daftari la wachangiaji lililo wazi kwake.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ilikuja na viwango vya matumizi na wajibu wa kutaja michango. Ni hatua. Lakini hesabu hupelekwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa baada ya uchaguzi, mshindi akiwa amekwisha kula kiapo. Majirani zetu Kenya hata hapo hawajafika: wana sheria ya fedha za kampeni tangu 2013, Bunge likakataa kanuni zake, na chaguzi za 2017 na 2022 zikapita bila kikomo kufanya kazi. Wabunge kujiwekea kikomo wenyewe ni kumtaka fisi alinde bucha.

Kwangu mimi, kiwango cha juu cha matumizi ni jambo la pili, maana fedha taslimu hazina risiti. La kwanza ni majina. Kila mchango mkubwa utangazwe kabla ya siku ya kura, kuanzia kura za maoni, na kampuni yenye tenda ya serikali isichangie mgombea wala chama. Orodha hiyo ibandikwe kituoni, kando ya orodha ya wapiga kura.