Mwaka 1863 unavyoyaacha nje majengo ya Masasi na Newala

SHERIA ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalitambua moja kwa moja kuwa kumbukumbu jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo husubiri Waziri mwenye dhamana alitangaze katika Gazeti la Serikali.

Kwa Kilwa Kisiwani, iliyo Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, mpaka huo hauna madhara. Kwa Masasi na Newala ni suala jingine. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwafikisha Masasi watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar mwaka 1876, miaka 13 baada ya mwaka unaotajwa na sheria. Nyumba za wenyeji zilikuwa za miti na udongo, ambazo hazidumu. Karibu kila kilichojengwa kwa mawe huko kimechelewa kuingia katika ulinzi huo.

Na kimenusurika kwa shida. Wangoni, walioitwa huko Wamagwangwara, waliivamia Masasi mwaka 1882. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni za Masasi, Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa. Wabenediktini walipoanza upya mwaka 1906 walihamia Ndanda, si mbali na njia panda ya Nanganga. Boma la Newala lilitekwa na Wareno Oktoba 1916, nao wakafurushwa na Wajerumani mwezi uliofuata. Reli ya mradi wa karanga, iliyotoka Mtwara hadi Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mataruma yake yakang'olewa.

Ajabu ni kwamba sheria hiyo inaingiza milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Hivyo mlango wa mwaka 1930 ulioko Mikindani unalindwa, wakati kanisa la mwaka 1910 lililoko bara linaweza lisilindwe.

Kilichoyaweka hai majengo mengi ya kusini ni matumizi. Abasia ya Ndanda na kanisa kuu la Anglikana la Mtandi, Masasi, yanasimama kwa sababu watu wanasali humo. Boma la Mikindani, la mwaka 1895, lilikarabatiwa likawa hoteli. Lakini matumizi hayo hayo hubadili: waumini wakiongezeka, ukuta huvunjwa ili kanisa lipanuliwe, vigae hupisha mabati, na kwa jengo lisilotangazwa mwenye nalo hajavunja Sheria ya Mambo ya Kale. Haitakuwa haki kumlaumu paroko anayetafuta nafasi ya waumini wake.

Kurekebisha mwaka huo kunahitaji Bunge. Kulitangaza jengo moja moja hakuhitaji. Kunahitaji orodha kutoka halmashauri za Masasi na Newala, na saini ya Waziri.